Kuunganisha vichujio na chati za seti tofauti za data: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yote yanatumia mfano mmoja wa kubuni: muuzaji wa maji kwa maboza (malori ya tangi) hapa Mombasa. Ana majedwali matatu. Kwenye *safari*, kila safumlalo ni safari moja ya boza. Kwenye *malalamiko*, kila safumlalo ni simu moja ya mteja. Kwenye *malengo*, kila safumlalo ni wodi moja kwa mwezi mmoja. Badala ya maji weka dawa, karo au samaki, hesabu haibadiliki.

## Misingi

1. Nimechagua Likoni kwenye kichujio. Chati ya safari imebadilika lakini ya malalamiko imekaa vile vile. Kwa nini?

Kichujio kimejengwa juu ya jedwali la safari, na hakijui kwamba jedwali la malalamiko lipo. Safuwima zote mbili zinaitwa "wodi", lakini kwa programu nyingi hilo ni sadfa tu, kama watu wawili wanaoitwa Ali mtaa mmoja. Lazima uiambie kwamba hii na hii ni kitu kimoja.

Wengi hukimbilia kutafuta kitufe. Kitufe kipo, na majibu ya 8 hadi 11 yanakionyesha, lakini mara nyingi tatizo haliko kwenye kitufe. Fungua majedwali yote mawili ubavu kwa ubavu utafute safuwima inayobeba thamani zile zile, herufi kwa herufi, pande zote. Ikiwa haipo, hakuna mpangilio wowote wa programu utakaokuokoa.

2. Kichujio cha ukurasa, kubofya chati, na kuunganisha majedwali: si kitu kimoja?

Hapana, ni tabaka tatu tofauti. Kuunganisha majedwali hufanyika chini kabisa, kwenye data, kwa kutumia ufunguo wa pamoja, yaani safuwima yenye thamani zile zile pande zote. Kichujio cha ukurasa ni kisanduku anachochagulia msomaji, na hupita kwenye muungano huo. Mwingiliano wa chati ni pale msomaji anapobofya mwambaa wa Kisauni na chati nyingine zikafuata.

Jenga kutoka chini kwenda juu. Ukianza na mwingiliano wakati majedwali hayajaungana, utapata dashibodi (ukurasa wa chati na vichujio) inayoonekana inafanya kazi kwa chati mbili tatu tu, nayo ni mbaya kuliko isiyofanya kazi kabisa, maana hakuna atakayeishuku.

3. Niandae nini kabla ya kugusa programu?

Majedwali mawili madogo ambayo kwa kawaida hakuna mtu aliyekupa.

La kwanza ni orodha ya wodi. Mombasa ina wodi 30 kwenye maeneo bunge 6, kwa hiyo orodha yako ina safumlalo 30, hakuna zaidi na hakuna pungufu. Weka safuwima tatu: msimbo wa wodi, jina la wodi, eneo bunge. Kila wodi ionekane mara moja tu.

La pili ni kalenda: kila siku safumlalo moja, pamoja na mwezi, robo ya mwaka, na mwaka wa fedha. Ukihudumia serikali au mashirika, kumbuka mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo robo yao ya kwanza ni Julai hadi Septemba. Robo ya kwanza ya programu yako ni Januari hadi Machi. Usiiachie programu ikuamulie.

Vichujio vyote vitoke kwenye majedwali haya mawili. Safari, malalamiko na malengo kila moja liungane nayo, na yasiungane yenyewe kwa yenyewe kamwe. Sababu iko kwenye swali la 12.

## Ufunguo

4. Jina la wodi halitoshi kuwa ufunguo?

Halitoshi, na Mombasa ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini. Likoni ni eneo bunge, na ndani yake kuna wodi iitwayo Likoni. Changamwe vivyo hivyo. Karani akiandika "Likoni" kwenye daftari la malalamiko, alimaanisha wodi au eneo bunge zima, pamoja na Mtongwe, Shika Adabu, Bofu na Timbwani? Programu itaunganisha bila kuuliza, na wodi ya Likoni itabeba malalamiko ya majirani zake.

Halafu kuna tahajia. Frere Town huandikwa pia Freretown. Mji wa Kale/Makadara huandikwa Old Town, au Makadara peke yake. Lakini kigeugeu kuliko wote ni Ziwa la Ng'ombe. Ritifaa (kile kialama cha ng') iliyopigwa kwenye kompyuta mara nyingi huwa imenyooka. Iliyopigwa kwenye simu, au iliyonakiliwa kutoka Word, mara nyingi huwa imepinda. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa programu ni herufi mbili tofauti, namba 39 na namba 8217, kwa hiyo ni wodi mbili tofauti. Ukiona Ziwa la Ng'ombe limetokea mara mbili kwenye orodha ya kichujio, usitafute mbali.

Tumia msimbo kama ufunguo, na jina libaki la kumwonyesha msomaji.

5. Data niliyonayo ina majina tu. Nisafishe vipi?

Kwenye Excel, ongeza safuwima mpya kando ya jina (tuseme majina yako B) uandike:

`=LOWER(TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(8217),CHAR(39)),UNICHAR(160)," ")))`

Fomula hii hunyoosha ritifaa, hubadilisha ile nafasi isiyokatika inayokuja na maandishi ya tovuti, huondoa nafasi za mwanzo na mwisho, na kufanya herufi zote ndogo. TRIM peke yake haiigusi herufi namba 160, ndiyo maana watu husema wamesafisha na bado "mvita" haifanani na "mvita".

Kisha tengeneza jedwali la tafsiri lenye safuwima mbili: jina kama lilivyoandikwa, na msimbo sahihi. Yanayobaki bila msimbo yasome kwa macho moja moja. Mara nyingi hayazidi ishirini, na ni kazi ya asubuhi moja. Usikisie. "Likoni" isiyo na maelezo ipe msimbo wa pembeni wa "haijulikani", kisha mwulize aliyeandika.

6. Misimbo ilikuwa 0021, sasa inasomeka 21. Ina shida?

Ina shida kubwa. Misimbo ya wodi ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ina tarakimu nne, na kwa kuwa Mombasa ndiyo kaunti namba 001, wodi zake zote huanza na sifuri: Port Reitz ni 0001, Mtongwe ni 0021. Ukifungua faili ya CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) kwa kuibofya tu, Excel huona namba na kuzila sifuri. Jedwali moja likiwa na 21 na jingine 0021, hakuna kinachoungana.

Ingiza faili kupitia menyu ya kuleta data na uiweke safuwima hiyo kuwa maandishi kabla ya kupakia. Kama uharibifu umeshafanyika, `=TEXT(A2,"0000")` hurudisha sifuri.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. 001 ni msimbo wa Kaunti ya Mombasa, na 001 ni msimbo wa eneo bunge la Changamwe. Ukiunganisha jedwali la kaunti na la maeneo bunge kwa safuwima iitwayo "msimbo", Changamwe itapokea namba za Mombasa nzima na programu haitalalamika. Zipe safuwima majina kamili: `msimbo_kaunti`, `msimbo_eneo_bunge`, `msimbo_wodi`.

7. Tarehe nazo zina matatizo?

Zina manne, na yote hutokea hapa kwetu.

Kwanza, tarehe yenye saa ndani yake haiungani na kalenda. 14/05/2024 saa 10:32 si sawa na 14/05/2024 tupu. Tengeneza safuwima ya tarehe peke yake.

Pili, kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani husoma 03/04/2024 kama tarehe 4 Machi. Tarehe yenye siku ya 1 hadi 12 hugeuzwa kimya kimya, ya 13 kwenda juu hushindikana na kubaki maandishi. Dalili yake ni chati yenye siku chache za mwanzo wa kila mwezi, kisha pengo. Andika 2024-04-03 na mjadala utaisha.

Tatu, mifumo mingi huhifadhi muda kwa UTC (saa ya kimataifa), nasi tuko saa tatu mbele. Safari yoyote kati ya saa sita na saa tisa usiku itahesabiwa ya jana. Kwa maboza yanayojaza alfajiri hilo halisumbui sana. Kwa wanaofanya kazi usiku kucha bandarini Kilindini, ni sehemu nzima ya zamu inayohamia siku nyingine.

Nne, saa ya Kiswahili. Dereva akiambiwa ajaze muda, ataandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, na mfumo utaelewa usiku wa manane. Dawa ni kumpa orodha ya kuchagua kwenye fomu yenye "asubuhi", "mchana", "jioni", "usiku". Huku kwenye dashibodi hakuna namna ya kulirekebisha kwa uhakika.

## Kwenye programu yenyewe

8. Kwenye Power BI nafanyaje?

Nenda kwenye mwonekano wa modeli. Buruta `msimbo_wodi` kutoka orodha ya wodi hadi safari, kisha hadi malalamiko, kisha hadi malengo. Kila mstari usomeke moja kwa nyingi, upande wa "moja" ukiwa kwenye orodha ya wodi, na mshale ukielekea upande mmoja tu, kutoka kwenye orodha. Fanya hivyo hivyo kwa kalenda. Hakikisha aina ya data ni ile ile ncha zote mbili.

Programu ikikuambia muungano ni nyingi kwa nyingi, simama. Maana yake orodha yako ina wodi iliyorudiwa. Usikubali pendekezo hilo ili tu ujumbe uondoke.

Kisha weka kichujio cha ukurasa ukitumia jina la wodi kutoka *orodha ya wodi*, si kutoka jedwali la safari. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi ya mengine yote: muungano ni sahihi, lakini kichujio kimechukuliwa upande wa "nyingi", na mshale hauendi kinyumenyume. Watu hulitatua kwa kuwasha uchujaji wa pande mbili. Utafanya kazi leo, na siku ukiongeza jedwali jingine, programu itakuta njia mbili kati ya majedwali na kukataa kuwasha mojawapo.

9. Na Looker Studio?

Huko kidhibiti (ndicho kichujio cha msomaji) hufuata kitambulisho cha ndani cha safuwima, wala si jina linaloonekana. Vyanzo viwili vya data vikiwa na kitambulisho kimoja, kidhibiti kimoja kitachuja vyote. Kwenye kila chanzo, ongeza safuwima ya kukokotoa ambayo fomula yake ni `msimbo_wodi` tu, na kabla hujahifadhi, andika kitambulisho kile kile, kwa mfano `wodi_pamoja`. Ukishahifadhi hakibadiliki, kwa hiyo ukikosea futa uanze upya. Kidhibiti kitumie safuwima hiyo.

Kidhibiti cha tarehe ni tofauti: hakihitaji hila hii, hutumia safuwima ya tarehe iliyowekwa kwenye kila chati. Hakikisha tu kila chati imewekewa tarehe unayoitaka.

Kuchanganya data ni njia nyingine, na inakubali hadi majedwali 5, lakini tuiache kwa pale namba za majedwali mawili zinapohitajika ndani ya chati *moja*, kama malalamiko kwa kila safari 100.

10. Na Tableau?

Bofya kulia kichujio, chagua kukitumia kwenye karatasi zote zenye vyanzo vya data vinavyohusiana. Majina ya safuwima yakitofautiana, yaoanishe kwanza kwenye menyu ya data, sehemu ya kuhariri uhusiano. Ukiona kinyota mahali pa thamani kwenye data iliyochanganywa, maana yake chanzo cha pili kina thamani zaidi ya moja kwa ufunguo huo. Rudi swali la 4.

11. Na zile za bure, Superset na Metabase?

Superset hutazama jina la safuwima. Ikiwa seti zote mbili zina `msimbo_wodi`, kichujio cha dashibodi kitazigusa zote, mradi chati zimo kwenye mawanda ya kichujio, yaani orodha ya chati kinazozichuja. Seti moja ikiandika `wodi_msimbo`, chati zake zitabaki zimetulia bila ujumbe wowote wa kosa.

Metabase hutaka uunganishe kwa mkono: hariri dashibodi, bofya kichujio, kisha kwenye kila chati chagua safuwima inayolingana. Inachosha ukiwa na chati kumi na tano, lakini angalau unaona kwa macho yako ipi imeunganishwa na ipi haijaunganishwa.

## Namba zinapokataa

12. Baada ya kuunganisha, lita zimeongezeka mara tatu. Zimetoka wapi?

Umeunganisha safari na malalamiko moja kwa moja. Tuseme Mtongwe ilipata safari 4 za lita 10,000 kila moja, na simu 3 za malalamiko. Jumla halali ni lita 40,000. Ukiunganisha majedwali haya kwa wodi, kila safari inashikana na kila lalamiko: 4 mara 3 ni safumlalo 12. Lita zinasomeka 120,000 na malalamiko yanasomeka 12. Namba zote mbili ni za uongo, na kila moja imeongezeka kwa kiwango chake, kwa hiyo huwezi kugawanya kwa tatu ukapona.

Wodi isiyo na lalamiko hata moja huharibika kwa njia nyingine: kwenye muungano unaobakiza vinavyolingana tu, inatoweka pamoja na lita zake.

Njia ni kujumlisha kwanza, kisha kuunganisha. Safari zijumlishwe kwa wodi, malalamiko yahesabiwe kwa wodi, halafu majibu hayo mawili ndiyo yakutane, safumlalo moja kwa moja. Modeli ya swali la 8 hufanya hivi yenyewe. Looker Studio nayo hujumlisha kila jedwali kabla ya kuchanganya, ila ukiongeza safuwima kama jina la dereva upande mmoja, safumlalo zinaanza kuzaana tena.

Kipimo cha haraka: andika jumla ya kila jedwali kwenye karatasi kabla ya kuunganisha. Baada ya kuunganisha, bila kichujio chochote, jumla hizo zisibadilike hata kwa lita moja.

13. Kwenye orodha ya kichujio kuna "tupu". Niifiche?

Usiifiche. Hizo ni safari ambazo msimbo wake haumo kwenye orodha ya wodi. Ukiificha, jumla ya wodi zote haitafika jumla kuu, na kuna mtu kikaoni atakayepiga hesabu. Chuja "tupu" peke yake, soma misimbo iliyomo, uirekebishe kwenye jedwali la tafsiri la swali la 5. Utakuta pia maboza yaliyovuka kwenda Kwale au Mtwapa. Hayo si makosa. Yape safumlalo yake ya "nje ya kaunti" kwenye orodha. Hapo ndipo safumlalo 30 zinaruhusiwa kuwa 31.

14. Mwakirunge haionekani kabisa kwenye kichujio cha malalamiko.

Kichujio kimejengwa kutoka jedwali la malalamiko, na hakuna aliyepiga simu kutoka Mwakirunge. Kijenge kutoka orodha ya wodi. Kisha chati ionyeshe sifuri badala ya kuacha pengo, maana msomaji huelewa pengo kuwa "data haijafika".

15. Malengo ni ya mwezi, safari ni za kila siku. Kichujio cha tarehe kinaharibu malengo.

Lengo la Mei limeandikwa tarehe 1 Mei. Msomaji akichagua tarehe 6 hadi 12 Mei, lengo linakuwa sifuri. Kuna njia mbili za uaminifu. Ama ugawe lengo kwa siku za mwezi, lengo la lita 310,000 la Mei liwe 10,000 kwa siku, ama uiwekee chati hiyo kichujio cha mwezi tu. Sisi tungechagua ya pili. Kugawa kwa siku kunaleta lengo ambalo hakuna aliyeliweka, na Jumapili itaonekana imefeli kila wiki.

## Hali za pembeni

16. Nina tarehe ya kuagiza na tarehe ya kufikisha. Kalenda iungane na ipi?

Zote mbili, lakini moja tu ndiyo hai. Kwenye Power BI muungano wa pili huwa mstari wa nukta, na huwashwa ndani ya kipimo (fomula ya hesabu) kwa `USERELATIONSHIP`. Kwenye programu nyingine, chagua tarehe moja kwa ukurasa mzima na uiandike kwenye kichwa: "kwa tarehe ya kufikisha". Mjadala mwingi wa "namba zenu hazifanani na zetu" huishia hapa.

17. Chati moja sitaki ichujwe kabisa.

Inawezekana kote. Power BI ina amri ya kuhariri mwingiliano kwenye kichupo cha muundo: chagua kichujio, kisha bofya alama ya duara lililokatwa juu ya chati husika. Superset huitoa kwenye mawanda ya kichujio. Metabase, usiiunganishe tu. Ila andika chini yake "Mombasa nzima, haichujwi". Watu huipiga picha dashibodi na kuirusha WhatsApp, na picha haina kichujio cha kubofya.

18. Kila nikibofya, ukurasa unajifikiria sekunde kumi.

Kila chati iliyounganishwa hutuma ulizo lake kwenye hifadhidata. Chati 14 ni maulizo 14 kwa mbofyo mmoja. Weka kitufe cha kutekeleza ili msomaji achague wodi, mwezi na aina ya boza kwanza, kisha abofye mara moja. Jumlisha data kwa siku na wodi kabla ya kuipakia. Punguza chati pia. Hakuna anayesoma 14.

19. Vichujio vikiungana vizuri mno, mtu anaweza kumjua mteja mmoja?

Ndiyo. Kila jedwali peke yake halina jina la mtu, lakini wodi ndogo, siku moja na aina moja ya lalamiko vikikutana, kinabaki kisa kimoja, na jirani anajua ni nani aliyegombana na dereva siku hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu pia taarifa zinazomtambulisha mtu kwa kuunganishwa. Kwa dashibodi ya nje ya ofisi, weka kizingiti: hesabu iliyo chini ya 5 isomeke "chini ya 5". Kizingiti kiwekwe kwenye data yenyewe kabla ya kupakia, kwa sababu kilichofichwa kwenye chati tu hupatikana kwa kupakua jedwali. Kisha kagua jumla: ukificha wodi moja tu kati ya tano za Nyali na kuacha jumla ya eneo bunge wazi, mtu atatoa nne kwenye jumla na kuipata.